Mama Uji na Ukoo wa Wavivu

Kuna wanaopikia watoto, kuna wanaopikia wagonjwa, na wako wanaopikia wafungwa. Mama Uji alipikia nzi. Kila asubuhi, kabla wenye elimu zao hawajaingia na mikoba yao, yeye alikwisha kujifunga kitambaa kichwani na kusimama mbele ya sufuria pana, anakoroga unga wa mahindi, sukari, hamira na ule unga wa mwani unaogandisha. Mkono wa kulia ukichoka anahamia wa kushoto. Uji ukiiva anautia dawa ya kuzuia ukungu, anaumimina katika vichupa vyembamba, anauacha ugande, kisha anaviziba kwa pamba. Jengo zima la chuo lilinukia hamira, hata wageni wakawa wanauliza mikate inauzwa ghorofa ya ngapi.

"Mama Uji, una bahati," fundi wa mitambo alipenda kumtania akipita na penseli sikioni. "Nani mwingine ana wateja wasiolalamikia chumvi?"

"Wana adabu, ndiyo maana. Wewe ungekuwa nzi ningekunyima."

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika mle ndani, naye hakulidai. Alichodai ni heshima ya vichupa vyake. Mtu akikirudisha kichafu, alikishika kwa vidole viwili na kukitembeza mlango kwa mlango akiuliza, "Hiki ni cha nani, nimpelekee mama yake?" mpaka mwenyewe ajitokeze.

Chumba cha nzi kilipakana na jiko. Hakikuwa na dirisha. Joto lake lilikuwa lilelile masika na kiangazi. Rafu zilipanda mpaka dari, na kwenye rafu vichupa, na ndani ya vichupa nzi wa matunda, wale wadogo wenye macho mekundu wanaozengea ndizi iliyoiva. Kila ukoo ulikuwa na rafu yake. Walikuwepo wenye mbawa zilizokunjamana, wenye macho meupe, wenye miili ya manjano. Kazi ya Mama Uji ilikuwa kuwahamisha kutoka kichupa kikuukuu kwenda kipya kabla uji haujaharibika, kizazi baada ya kizazi, ili ukoo usikatike. Profesa mwenye chumba alimfundisha mwenyewe siku ya kwanza: gonga, geuza, wahamishe wote waliomo, mzima na mgonjwa, usichague. Mama Uji aliitikia ndiyo, kama mtu anavyomwitikia mkubwa, akaendelea na lake.

Katika koo zote hizo, mmoja ulimtia uchungu. Waliuita Wavivu. Nzi wenyewe walikuwa wanyonge kweli, lakini wavivu hasa walikuwa walinzi wao wa ndani. Profesa alimweleza siku alipokuwa na furaha. Damu ya nzi, alisema, haina mishipa ya kupita kama yetu, inazurura tu mwilini, na ndani yake zinazurura seli ambazo kazi yake ni kumeza. Kijidudu kikiingia, seli hukipapasa, hukishika, hukizunguka pande zote mpaka kikawa tumboni mwake, nacho kikasagwa humo. Na si vijidudu tu. Buu anapogeuka kuwa nzi, sehemu kubwa ya mwili wake wa zamani hufa, na maiti hizo nazo sharti zimezwe, la sivyo zitamwozea ndani. Seli ikifa hubadilika ngozi yake ya nje, na mlaji akiigusa tu anajua kwamba hii ni ya kula. Sasa Wavivu walizaliwa bila ule mkono wa kushikia. Walaji wao walipita kando ya kijidudu kama mtu anavyompita jirani aliyegombana naye.

"Sasa kama wabovu, mnawafugia nini?" Mama Uji aliuliza.

"Bila wao tutajuaje ule mkono unafanya kazi gani?"

Alilikubali jibu kwa shingo upande. Kwao, kuku mgonjwa alikuwa hafugwi.

Aliyewategemea Wavivu kuliko watu wote mle ndani alikuwa mwanafunzi wa shahada ya juu, binti mwembamba, mwepesi wa miguu, koti lake jeupe limenyooka kama karatasi. Aliingia jikoni asubuhi akasema, "Shikamoo Mama Uji, naomba vichupa vyangu," naye Mama Uji akasema marahaba na kumpa. Hakuna aliyejua kwamba koti lile lilipigwa pasi na Mama Uji mwenyewe alfajiri ileile, katika chumba na sebule walimoishi wote wawili.

Binti alikuwa mtoto wa marehemu dada yake. Aliachwa akiwa hajaota meno, na Mama Uji, ambaye mume alimwacha kwa sababu hakuzaa, akapata mtoto kwa njia hiyo ya msiba. Alimbeba mgongoni akifagia ofisi za watu, alimfundisha kusoma kwa vibandiko vya mikebe ya maziwa, na alipofika mahali elimu yake ya shule ya msingi ilipokoma, alimwacha atangulie naye akamshikia taa. Nyumbani binti alimwita Mama. Ile "mdogo" ya mama mdogo aliirudisha siku za hasira tu.

Siku alipopata nafasi katika chumba cha Profesa, alimkalisha mama yake kitako.

"Mama, kule kazini tusijuane."

"Tusijuane vipi?"

"Watasema nimepitia mlango wa nyuma. Wewe si unawajua watu?"

"Mlango wa nyuma upi, mwanangu? Mimi nina ufunguo wa jiko tu."

"Ndiyo hivyo, Mama. Nielewe."

Mama Uji alielewa, tena alielewa zaidi ya alivyoambiwa. Mpishi wa nzi hana mlango wa kumpitishia mtu. Binti alikuwa anaona haya, basi. Akasema, "Haya." Tangu siku hiyo wakawa wanatoka nyumbani pamoja, wakifika kwenye duka la viatu binti anatangulia, na yeye anasimama kutazama viatu asivyovitaka mpaka mgongo ule upotee kwenye watu.

Fundi wa mitambo peke yake ndiye aliyekuwa na macho. "Yule binti ana pua yako, Mama Uji."

"Pua kila mtu anayo. Nenda kaangalie bomba lako linavuja."

Mwanzo kazi ya binti ilikwenda vizuri. Alichukua mabuu wa Wavivu, akawachoma kwa sindano nyembamba kuliko unywele, akawatia vijidudu vilivyokwisha kuuawa na kupakwa rangi ya kung'aa. Kisha akatazama damu yao kwenye hadubini. Kwa nzi wa kawaida, seli zilikuwa zimejaa nuru tumboni, zimeshiba. Kwa Wavivu, nuru ilielea nje, haijaguswa. Walimu wake walioneshwa picha, wakampigia makofi. Jioni ile alirudi nyumbani akimwita mama yake tangu kwenye ngazi.

"Hawakula, Mama! Wamepita kando kabisa!"

"Alhamdulillahi," Mama Uji akasema, akacheka mwenyewe kwa kumshukuru Mungu kwamba nzi wamenyimwa nguvu.

Kisha wakaja wageni wakubwa kukagua chuo. Mama Uji alisugua kila rafu. Walipita, wakaona, wakasifu, mpaka mmoja wao, bwana wa miwani, akainua kichupa cha Wavivu kwenye taa. Nzi wachache walikuwa wanajikokota juu ya uji, wengine wamelala chali, na ukungu umeota pembeni, maana ukoo wenye mabuu wachache hausagi uji vya kutosha, na dawa nayo ina mwisho wake.

"Hawa mnawafuga au mnawazika?" bwana yule akauliza.

Chumba kizima kikacheka, na Profesa akacheka kuwashinda. "Mama Uji," akasema mbele za watu, "vichupa hivi vinatutia aibu."

Mama Uji alikuwa ameitwa mengi katika maisha yake. Aliitwa tasa, aliitwa mkaidi, aliitwa mama wa kulea cha mwenzake. Mchafu hakuwahi kuitwa. Alisimama palepale na kitambaa chake cha kufutia, uso umemwiva, na binti yake alikuwa katikati ya wale waliocheka.

Tangu hapo, Wavivu hakuwagonga na kuwageuza tena. Aliwalewesha kwa ile hewa ya kulewesha, akawamwaga juu ya kigae cheupe chini ya hadubini, na kwa brashi ndogo akawatenga kama anayechambua mchele. Wanene, wanaong'aa, wanaoamka upesi, hao kichupa kipya. Wanyonge, hao bakuli la spiriti, ambalo mle ndani wote waliliita makaburini. Vizazi vya nzi havingoji kama vya watu. Mvua moja haijaifikia nyingine, vilembwe wamekwisha kuzaliwa na kufa. Pole kwa pole vichupa vya Wavivu vikachangamka. Uji ukasagwa vizuri, ukungu ukakosa pa kuota. Siku moja Profesa alikiinua kichupa kimoja akasema, "Hapo sasa, Mama Uji!" na neno lile alilala nalo kama msichana aliyeletewa posa.

Binti hakujua lolote. Alikuwa ameshahamia sehemu ya pili ya kazi yake, kutaka kujua kama Wavivu wanashindwa pia kumeza maiti za mwili wao wenyewe. Mambo hayakukaa sawa. Profesa akamwambia arudi nyuma kwanza, arudie jaribio la vijidudu alilopigiwa makofi, ndipo waendelee.

Alirudia. Wavivu walikula. Walikula kama waliotoka safari ya jangwani. Seli zao zilijaa nuru mpaka pembeni. Akabadilisha sindano, akabadilisha rangi, akabadilisha hata kiti. Walikula.

Mama Uji alikuwa anapita na trei ukumbini siku ya Ijumaa aliposikia sauti ya Profesa nyuma ya mlango ulioachwa wazi nusu.

"Haya ya leo nimeyaona kwa macho yangu. Yale ya mwanzo uliyatoa wapi?"

"Niliyaona, Profesa. Nilipiga picha."

"Picha za nzi gani?"

"Za Wavivu. Naapa."

"Hapa hatuapi. Anayetunga matokeo hapa chuoni hamalizi, na kwingine hapokelewi. Njoo Jumatatu na maelezo yanayoingia akilini."

Mama Uji aliitazama trei yake. Safu ya mbele walikuwa Wavivu, wanarukaruka mpaka kwenye pamba, wazima, wanene, wazuri. Akaiweka trei sakafuni ili isimponyoke.

Jumamosi yote alilizungusha jambo lile mdomoni, likakataa kutoka. Jumapili walifua uani. Binti hakuwa ametia kitu kinywani tangu Ijumaa. Alikuwa anaikamua shuka kama anamnyonga mtu. Mama Uji alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Wale Wavivu," akaanza. "Mimi nilikuwa nawachagua."

"Unawachagua vipi?"

"Wazima naweka, wabovu natupa. Tangu waliponicheka wale wageni."

Shuka ilianguka kwenye povu. Binti alimtazama kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini.

"Kwa vizazi vingapi?"

"Nitajuaje? Vyote."

"Mama mdogo." Akajifuta povu mikononi. "Mama mdogo, unajua ulichonifanyia? Katika wabovu wengi hivyo, huzaliwa wachache wenye namna yao ya kujiponya. Umewachukua hao, ukawazalisha hao kwa hao. Umenitengenezea ukoo mwingine kabisa, ukaniachia jina lilelile kwenye kichupa!"

"Nilikuwa nawatunza."

"Nani alikuomba uwatunze?"

Mama Uji alitaka kumwambia kwamba hata yeye, siku alipoletwa amefungwa kwenye kanga ya mamaye, hakuna aliyeomba atunzwe. Akaufunga mdomo. Maneno mengine ukishayatoa hayakusanyiki.

"Kesho nitamwambia Profesa," akasema. "Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu."

Binti akatulia. Hasira ilimtoka usoni, na mahali pake pakaingia hesabu. Mama Uji aliiona ikiingia.

"Akijua mimi ni nani wako hataamini," binti akasema polepole. "Atasema mama amejitwisha kosa amwokoe mtoto."

"Si ndivyo tulivyo? Mama na mtoto?"

"Ndiyo maana asijue. Akikuuliza, sema hunijui. Ya kazini tu."

"Na wewe?"

"Na mimi vilevile. Hakuna njia nyingine, Mama."

Ingekuwepo, Mama Uji aliwaza, kama tangu mwanzo tungekuwa tunajuana. Watu wangezoea, na leo neno langu lingepimwa kama neno la mtu. Aliiokota shuka, akaisuuza, akaitundika peke yake.

"Haya," akasema.

Jumatatu ofisini kwa Profesa walikuwa wanne: Profesa, binti, fundi wa mitambo aliyeitwa aseme kama hadubini ni nzima, na Mama Uji aliyejiita mwenyewe. Hakuna aliyemwambia akae, kwa hiyo alisimama. Alieleza yote, tangu kicheko cha wageni mpaka brashi na bakuli, bila kupunguza wala kutia chumvi.

Profesa akavua miwani. "Nilikwambia usichague."

"Uliniambia. Halafu ukaniambia vinatia aibu. Nikashika la mwisho."

Fundi alikohoa kuficha kicheko. Profesa hakuona cha kuchekesha.

"Hukujua kwamba unaharibu?"

"Nilijua nafanya kazi nzuri. Na wewe ulisema hapo sasa."

Profesa akamgeukia binti, akarudi kwa Mama Uji, akatulia kwenye zile nyuso mbili muda mrefu kuliko ilivyopendeza. "Ninyi wawili," akasema, "mnafahamiana nje ya hapa?"

Mama Uji akamwachia binti atangulie kujibu. Walikuwa wamekubaliana, ndiyo, na neno lake halikuwa la kugeuka. Lakini ndani yake, mahali alipokuwa hajawahi kupafagia, palikuwa na tumaini dogo la kijinga kwamba mtoto atakataa. Kwamba atasema, huyu ndiye aliyenilea, Profesa, na anayosema ni kweli, fanya utakavyo.

"Hapana, Profesa," binti akasema. "Ni Mama Uji tu. Anatupikia."

Hilo la mwisho hawakukubaliana. Aliliongeza mwenyewe.

"Na wewe, mama?"

"Namjua kama ninavyowajua wanafunzi wote," Mama Uji akasema. "Ila wenzake wana shukrani kidogo. Huyu amezoea kupewa."

Binti aliinamisha kichwa, na masikio yakamwiva. Profesa, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akalegea mabega. Mtu hamsemi hivyo wa kwake. Hata hivyo alitaka kuhakikisha. "Fundi, wewe ndiye wa siku nyingi hapa. Ni hivyo?"

Fundi wa mitambo aliitazama pua ya kwanza, akaitazama ya pili.

"Mimi najua mashine, Profesa. Watu hunishinda."

Basi likaaminiwa. Profesa akaomba Wavivu wa asili kutoka chuo kingine walikokuwa wanafugwa pia, wakaja ndani ya boksi lenye pamba, wanyonge vilevile, wanajikokota vilevile. Binti akawachoma, akatazama, na nuru ikaelea nje, haijaguswa. Jina lake likatakata. Mama Uji unga wake ukamwagika. Profesa alimwambia kwa upole, na upole ule ulimuudhi kuliko matusi, kwamba nzi hawawezi kuachiwa mtu mwenye mkono wa kuchagua.

Siku yake ya mwisho aliagizwa awamalize wale aliowaharibu. Aliwalewesha kichupa kimoja kimoja, wale wanene wake, wale wanaong'aa, akawafagia wote makaburini bila kumtazama yeyote kwa hadubini. Akaosha vichupa. Akaviacha vimeinamishwa juu ya kitambaa safi, akatoka, na hakuna aliyemsindikiza isipokuwa fundi, aliyekwenda naye mpaka getini bila utani hata mmoja.

Binti alimaliza. Mahafali yalipokaribia, alizunguka nyumba siku kadhaa kabla ya kupata pa kuanzia.

"Mama, Profesa atakuwa mstari wa mbele. Unaelewa."

"Naelewa."

"Akikuona umekaa na wazazi..."

"Nimesema naelewa. Unataka nielewe mara ngapi?"

Alibaki nyumbani. Alipika kama anayetarajia wageni, akafunika, akakaa. Binti alirudi jioni na joho mkononi na picha kwenye simu. Mama Uji akazipitisha kwa kidole. Katika moja binti amesimama kando ya Profesa, na upande wa pili mwanamke mnene wa makamo amemshika kiuno, anatabasamu meno yote.

"Nani huyu?"

"Mama wa mwenzangu. Profesa aliuliza mama yangu yuko wapi, wapige naye picha. Huyu alikuwa karibu. Nilishikwa pabaya, Mama."

"Ukamwambia ndiye huyu."

"Nilishikwa."

Mama Uji aliisogeza simu karibu na macho. "Gauni lake zuri," akasema. "Kula, chakula kinapoa."

Binti akala kidogo, akasukuma sahani. Akaanza kusema haraka haraka kwamba ameitiwa kazi mji mwingine, kwenye maabara kubwa, kwamba ataanza na chumba kimoja lakini akipata nyumba atakuja kumchukua, wakae wote, apumzike, asishike tena sufuria ya mtu.

"Na majirani wa huko," Mama Uji akamuuliza, "utawaambia mimi ni nani wako?"

"Mama yangu," binti akasema.

Lakini alifikiri kwanza, na alipokuwa anafikiri, Mama Uji alikwisha kuinuka anakusanya vyombo.